Siku tisa za Oktoba Himachal Pradesh: niende wapi, niache wapi?

Mkazi_wa_Chandigarh

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu.

Niko mwaka wa pili hapa Chandigarh. Asubuhi ambayo mvua imenyesha usiku na vumbi limetulia, nikipanda juu ya paa la hosteli naiona milima upande wa kaskazini mashariki, ya kijivu kama moshi uliosimama. Mwaka mzima naitazama tu. Sasa Oktoba tuna likizo ya Dussehra, sikukuu ya Wahindu, na nikiunganisha na wikiendi napata siku tisa. Nimeweka akiba kidogo, nimeamua mwaka huu lazima nipande Himachal Pradesh.

Shida yangu ni kuchagua. Kila ninayemuuliza ananitajia pengine: Shimla, Manali, Dharamshala, Dalhousie, Khajjiar, Kinnaur, Spiti. Kwenye ramani ya simu naona ni jirani jirani tu, jimbo lenyewe dogo. Nimepiga hesabu kwamba nikilala kwenye basi usiku nitazifikia zote saba. Inawezekana? Kama haiwezekani, nikate ipi? Nitatumia basi na treni, sina gari. Na sisi wageni tunahitaji vibali?

Natanguliza shukrani.

---

Asali_ya_Nyuki

Mdogo wangu, popote utakapokata, Dharamshala usiikate. Nilikaa McLeod Ganj wiki mbili, kile kimji cha juu kilichojishika kwenye mlima, na hadi leo nikifumba macho nakiona. Dalai Lama anaishi pale tangu 1960, baada ya kutoka Tibet mwaka uliotangulia, na watu wake wakajenga maisha upya palepale. Asubuhi na mapema nenda kwenye ile njia inayozunguka kilima cha hekalu lake. Utakutana na bibi na babu wa Kitibeti wanatembea taratibu, shanga mkononi, midomo inacheza kwa sala, na wakifika kwenye magurudumu ya maombi wanayazungusha moja baada ya jingine bila kuliruka hata moja. Nilijiunga nao siku ya tatu. Bibi mmoja akanishika mkono akanionyesha kwamba tunazunguka kwa upande wa kulia tu, hakuna kurudi nyuma.

Mlima wa Dhauladhar uko hapohapo mgongoni mwako, umesimama wima. Ukiwa na nguvu panda Triund uone kwa karibu. Na chai ya Kangra, ya wilaya hiyohiyo, inywe bila maziwa angalau mara moja, ina harufu ya majani mabichi ambayo maziwa yanaiua.

Hayo mengine waachie wanaoyajua.

---

Fundi_Ramani

Marahaba mdogo wangu. Nilisoma uhandisi wa ujenzi Solan miaka minne, na kila likizo niliyokosa nauli ya kurudi nyumbani nilipanda basi la serikali ya jimbo nikaenda juu. Nitakujibu kwa kirefu, maana safari uliyoipanga itakuchosha na hutaona kitu.

Kwanza weka simu pembeni. Ramani inakuonyesha Himachal imelala, na Himachal imesimama. Eneo lake ni kilomita za mraba 55,673, lakini linaanzia kwenye mita 350 hivi mpakani na Punjab na kuishia kilele cha Reo Purgyil, mita 6,816. Katikati kuna kuta. Wa kwanza ni Shivalik, vilima vya udongo na changarawe, ndivyo hivyo unavyoviona ukiwa juu ya paa. Wa pili ni huo Dhauladhar aliousema dada Asali. Wa tatu ni Pir Panjal, wenye kipito cha Rohtang, mita 3,978. Nyuma yake kuna safu ya Zanskar, na huko umeshafika mlangoni mwa Tibet.

Kuta hizo ndizo zinazoamua nani anyeshewe na nani akauke. Mawingu ya monsuni yanatoka kusini, yanajigonga kwenye Dhauladhar, na Dharamshala iliyo chini yake inamwagiwa maji Julai na Agosti kama mtu anageuza ndoo. Yanayobaki yanaishia Kullu. Spiti, iliyojificha nyuma, inabaki kavu: mlima wa kahawia, nyumba za udongo zenye paa bapa, kwa kuwa hakuna mvua ya kulihangaisha paa bapa. Ni jimbo moja, lakini mtu wa Kangra na mtu wa Spiti hawajengi sawa, hawali sawa, hawasali sawa, na chanzo ni ukuta uliokaa kati yao.

Kwa hiyo chagua kwanza ukuta utakaouvuka na mto utakaoufuata, miji itajipanga yenyewe. Barabara nyingi kubwa za kule zinafuata mito: Sutlej, Beas, Ravi, Chenab. Kuhama kutoka mto mmoja kwenda mwingine ni kupanda mlima mzima na kuushuka. Basi likienda kilomita thelathini kwa saa, shukuru. Dalhousie na Khajjiar ziko upande wa Ravi, magharibi kabisa. Spiti iko mashariki kabisa. Huwezi kuziweka kwenye sentensi moja, seuze kwenye siku tisa.

Ningekuwa wewe ningefuata Sutlej.

Anza Kalka, hapo jirani yako, kilomita kama 25 tu kutoka Chandigarh. Panda treni ndogo ya Shimla. Reli yake ina upana wa milimita 762, ilifunguliwa 1903, na tangu 2008 imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Ni kilomita 96, mahandaki 102, madaraja zaidi ya 800. Mwalimu wetu alitupeleka Kanoh kuliangalia daraja moja la mawe, matao yamepandana ghorofa nne kama mifereji ya maji ya Warumi. Waliijenga hivyo kwa sababu njia inapinda kila mahali, na mawe yalikuwa palepale mlimani. Handaki la Barog ndilo refu kuliko yote, zaidi ya mita 1,100, na treni ikitoka upande wa pili inasimama stesheni. Shuka unywe chai. Usifikirie kuokoa saa mbili kwa kupanda teksi. Treni inakupandisha kutoka mita 650 hadi zaidi ya 2,000 taratibu kiasi kwamba unaona miti ikibadilika mbele ya macho yako. Kwanza vichaka, halafu misonobari, mwisho mierezi ile mikubwa wanayoiita deodar.

Shimla yenyewe siku moja na nusu inatosha. Waingereza waliifanya makao makuu ya serikali yao ya kiangazi mwaka 1864, yaani India nzima iliendeshwa nusu ya mwaka kutoka kwenye mgongo huo wa mlima. Jumba la magavana wao, lililokamilika 1888, leo ni taasisi ya utafiti na unaruhusiwa kuingia. Kwenye barabara ya Mall magari hayapiti, unatembea. Ukipanda hekalu la Hanuman kule Jakhoo, vua miwani uifiche kabla hujafika, tumbili wa pale wananyakua usoni.

Baada ya Shimla unapita mashamba ya matofaa. Kotgarh iko njia hiyo, ndipo Mmarekani Samuel Stokes alipoleta miche ya matofaa ya kwao miaka zaidi ya mia iliyopita, akaoa hapo, akawa raia wa hapo kwa moyo wote. Oktoba mavuno yanakuwa yamekwisha kwenye mashamba ya chini, ila juu Kinnaur bado utakuta masanduku yanapakiwa.

Kalpa lala usiku mbili. Iko karibu mita 2,900 na upande wa pili wa bonde, usoni pako, umesimama Kinner Kailash. Hakuna cha kufanya Kalpa zaidi ya kukaa. Kaa. Kwenye kumi na mbili jioni kile kilele kinaanza rangi ya siagi, kinaingia ya chungwa, kinaishia ya zambarau, na hapo chini bondeni mto Sutlej umeshakuwa giza saa nzima iliyopita.

Kuhusu vibali: Shimla, Manali, Dharamshala hapana. Lakini wageni wa nje wakitoka Kinnaur kuingia Spiti wanapita karibu na mpaka wa China, na kibali ni lazima. Kinatolewa Reckong Peo, mji ulio chini ya Kalpa. Wewe unasafiri sikukuu, kwa hiyo angalia kalenda: siku ya sikukuu na Jumapili ofisi imefungwa, na bila karatasi hiyo askari wa kizuizi cha barabarani anakurudisha.

Halafu vijiji vya Nako na Tabo, kisha Kaza, mji mkuu wa Spiti. Sasa nisikilize kwenye jambo hili.

Mara yangu ya kwanza Spiti sikupita Kinnaur. Nilipita Manali kwa sababu ni karibu zaidi. Tuliondoka Manali alfajiri, mita kama 2,050, wanafunzi wanne kwenye gari la kukodi, na jioni tukawa tumepiga hema karibu na ziwa Chandratal, zaidi ya mita 4,200. Pakiti ya biskuti ndani ya begi langu ilikuwa imevimba kama mpira. Niliitazama nikacheka, sikuelewa kwamba hewa iliyoivimbisha pakiti ndiyo hiyohiyo itakayonitesa. Saa nne usiku kichwa kikaanza kugonga nyuma ya macho. Saa sita nikatapika. Saa nane nilikuwa naamka kila dakika chache kwa kuhisi nimeacha kuvuta pumzi. Dereva alituambia tusubiri asubuhi itapita. Mwenzetu mmoja akaanza kuyumba akitembea kama mlevi, na hapo ndipo mpishi wa kambi jirani, mtu wa bonde la Lahaul, alipokuja na tochi akasema maneno matatu tu: shusha, shusha sasa. Tulishuka gizani. Kufikia bonde la chini yule mwenzetu alikuwa anaongea vizuri.

Mwaka uliofuata nilipita Kinnaur, usiku mmoja mmoja, mita mia chache kila siku, na nilifika Kaza nikala thukpa, supu yao ya tambi, bakuli mbili. Mlima uleule, mwili uleule.

Ukifika Tabo usiwe na haraka. Kwa nje utaona mabanda ya udongo yasiyo na dirisha, utadhani ni ghala. Hiyo nyumba ya watawa wa Kibudha ilianzishwa mwaka 996. Unavua viatu, unainama mlangoni, na kwa dakika mbili huoni kitu. Kisha macho yanazoea, na unagundua kwamba ukutani pande zote kuna sanamu za udongo zimekaa juu kidogo ya kichwa chako, kama zinaelea, na kila nafasi kati yake imechorwa. Buluu, nyekundu ya kutu, dhahabu kidogo. Picha hairuhusiwi kupigwa, na nashukuru, maana ilinilazimu niangalie. Kilichoitunza michoro hiyo miaka elfu moja ni ule ukavu niliokueleza. Mvua ingevuka kuta tatu, Tabo isingekuwepo.

Kutoka Kaza fika nyumba ya watawa ya Key, na vijiji vya juu vya Langza na Hikkim. Hikkim kuna posta kwenye mita 4,400, tuma kadi nyumbani. Langza watoto watakuuzia mawe yenye alama za konokono wa baharini, kwa sababu milima hiyo ilikuwa sakafu ya bahari kabla bara la India halijaisukuma juu. Yashike, yastaajabie, uyarudishe. Yakiisha yameisha.

Rudi kwa njia uliyokuja. Kipito cha Kunzum cha kutokea Manali, mita zaidi ya 4,500, Oktoba kinaweza kufungwa na theluji ya usiku mmoja, na mtu mwenye mitihani Jumatatu hacheki na hilo.

---

Mkazi_wa_Chandigarh

Kaka Fundi, nimesoma mara mbili, na dada Asali ahsante sana. Ila kuna jambo sikulisema mwanzoni na sasa naona lina uzito.

Sitasafiri peke yangu. Mama yangu anakuja India kutibiwa macho, na daktari ametuambia atakuwa amemaliza wiki mbili kabla ya likizo yangu. Ana miaka 61. Presha anayo, anakunywa dawa kila siku, na magoti yanamsumbua kwenye ngazi. Hajawahi kuona theluji maisha yake yote. Alinisomesha kwa kushona nguo usiku, na sasa kwa kuwa macho yake yatakuwa yamesafishwa nilitaka kitu kikubwa cha kwanza akione kiwe hicho. Nilishamwahidi Spiti.

---

Muuguzi_wa_Zamu

Mwanangu, hongera kwa kumfikiria mama. Mimi ni muuguzi, nimewahi kuhudumia wapanda milima, nitasema machache.

Kwenye mita 2,000 hivi, kama Shimla na Manali, watu wengi wenye presha iliyodhibitiwa wanakaa vizuri. Kuanzia mita 2,500 kwenda juu mwili wa mtu yeyote unaweza kugoma, awe kijana au mzee. Spiti unalala juu ya mita 3,200 na hospitali kubwa iko mbali siku nzima ya barabara. Mama mwenye presha, aliyetoka kufanyiwa kitu machoni, usimpeleke huko bila daktari wake kusema ndiyo kwa mdomo wake. Muulize mambo mawili waziwazi: macho yake na mwinuko, na dawa zake na mwinuko. Kama ndani ya jicho wamemwekea gesi, kupanda mlima au ndege ni hatari kubwa, kwa hiyo hilo la macho usiliulize juu juu.

Dawa za presha zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi lililofungwa juu ya basi. Na popote mtakapokuwa, akiumwa kichwa kikali huku anatapika, akiyumba au akikosa pumzi ameketi, mnashuka. Hamsubiri kupambazuke.

---

Fundi_Ramani

Mdogo wangu, basi yote niliyoandika kuhusu Spiti yaweke hadi utakapokwenda na wenzako. Dada muuguzi amesema kweli. Na usijione umevunja ahadi. Ulichomwahidi mama ni theluji, na theluji unaweza kumwonyesha bila kumlaza kwenye mita elfu nne. Daktari akiridhia, fuata Beas.

Treni ya Kalka ibaki palepale. Mama ataketi, hana ngazi za kupanda, na ataona kila kitu dirishani. Shimla mlale usiku mbili, ila tafuteni chumba karibu na Mall, kwa sababu mji ule ni ngazi tupu. Kutoka barabara ya chini kuna lifti ya kuwapandisha hadi Mall, msiache kuitumia. Jakhoo muiache. Ile sanamu ya Hanuman ina mita 33, mama ataiona vizuri tu akiwa chini mjini, imetokeza juu ya mierezi.

Siku ya tatu nendeni bonde la Kullu kupitia Mandi. Ni zaidi ya kilomita 200, mchana mzima. Hapa usibane matumizi: kodisha teksi ili msimame kila mama anapotaka kunyoosha magoti. Kati ya Mandi na Aut, mto Beas umejichimbia korongo jembamba, ndiko mawe yanakoporomoka, kwa hiyo ipiteni mchana. Mvua zikiwa zimekwisha hali inakuwa nzuri, lakini muulize dereva siku moja kabla.

Msilale Kullu mjini. Laleni Naggar, ng'ambo ya Beas, katikati ya Kullu na Manali. Nimelala vijiji vingi vya Himachal na Naggar ndiyo ningempeleka mama yangu mwenyewe. Kimya, mashamba ya matofaa, bonde lote chini yako. Hapo ndipo wafalme wa Kullu walipokaa zamani, na ngome yao ipo. Jengo hilo ndilo lililonifanya nipende kazi yangu. Kuta zake zimepangwa boriti ya mwerezi, tabaka la mawe, boriti, mawe, hadi juu, bila chokaa wala saruji. Wenyewe wanaita kath-kuni, kona ya mbao. Tetemeko la ardhi la tarehe 4 Aprili 1905 liliua watu kama 20,000 upande wa Kangra na kuangusha majengo ya matofali na chokaa. Ngome ya Naggar haikuanguka. Mawe yakiachwa huru yanasogea kidogo na kurudi, na mbao zinayashika yasikimbie. Niliwahi kuingiza kiganja kwenye ufa kati ya boriti na jiwe, nikausikia upepo unapita. Nafasi hiyo ndogo waliiacha makusudi.

Mmebahatika na tarehe. Dussehra kote India inakwisha siku ya Vijayadashami. Kullu ndiyo siku inayoanza, na inakwenda siku saba. Desturi hiyo ni ya tangu karne ya 17, enzi za Raja Jagat Singh. Kila kijiji kinamleta mungu wake amebebwa mabegani kwenye kiti, uso wa fedha au dhahabu, vitambaa vyekundu, mbele yake pembe ndefu za shaba zinapigwa hadi kifua chako kinatetema. Wanakutana mamia kwenye uwanja wa Dhalpur kumsalimia Raghunath, mungu mkuu wa bonde hilo. Siku ya kwanza watu ni wengi mno, mama atasukumwa. Mpeleke siku ya tatu au ya nne, saa tatu asubuhi. Miungu inakuwa kwenye mahema yake, wabebaji wamekaa wanakunywa chai, na mtu wa makamo anapewa mahali pa kukaa bila kuomba.

Kwa kuwa mama ni mshonaji, hapo Kullu mpe nusu siku nzima kwa wafumaji. Shali zao zina mkanda wa maua ya pembe pembe ukingoni, na mkono wa fundi unajulikana ukigeuza upande wa nyuma. Mwache ageuze yeye.

Sasa theluji. Asubuhi yenye anga safi, dereva awapeleke handaki la Atal. Lilifunguliwa 3 Oktoba 2020, urefu kilomita 9.02, linapita chini ya Rohtang. Zamani ukuta ule wa Pir Panjal ulikuwa unawafungia watu wa Lahaul miezi kadhaa kila mwaka, mgonjwa akizidiwa wanaombea helikopta. Sasa ni kama dakika kumi. Mnaingia kwenye milango ya mita 3,060 hivi, nyuma yenu misitu ya kijani na ukungu, mnatokea upande wa pili hewa kavu, mlima mtupu, anga la buluu nzito, na theluji imekaa kwenye vilele mbele yenu. Endeleeni hadi Sissu, kilomita chache tu. Kuna maporomoko ya maji yanashuka kutoka kwenye barafu, ng'ambo ya mto Chandra. Mama akae saa moja au mbili, anywe chai, asitembee haraka, mrudi kulala Naggar. Kupanda juu kidogo mchana na kulala chini ndiyo namna salama zaidi. Rohtang ya juu msiende.

Mwonyeshe huo mto Chandra. Mbele kule Tandi unakutana na Bhaga, unakuwa Chenab. Beas mliouacha upande wa pili wa handaki unazaliwa kwenye ukuta huohuo wa Pir Panjal, lakini umeanguka kusini, unaingia Sutlej huko Punjab. Na Sutlej na Chenab zinakutana Pakistan, mamia ya kilomita kutoka hapo. Maji yaliyotengwa na ukuta mmoja yanazunguka nchi mbili ndipo yaonane. Kila nikipita handaki lile nalikumbuka hilo.

Dada Asali atanisamehe, Dharamshala safari hii haimo. Kutoka Kullu ni siku nzima nyingine ya kona.

---

Asali_ya_Nyuki

Nimesamehe kabisa, kwa mama siwezi kubishana. Ila Mandi mkipata saa mbili za ziada pindeni Rewalsar. Ni ziwa dogo tu, lakini Wahindu, Masingasinga na Wabudha wote wanaliheshimu, kila mmoja na nyumba yake ya ibada ufukweni. Kuna sehemu tambarare ya kutembea kulizunguka, magoti hayatalalamika.

---

Mkazi_wa_Chandigarh

Nimempigia mama sasa hivi, nikamsomea yote. Alipofika kwenye wafumaji akaniuliza kama wanatumia kitanda cha kufumia kwa mkono au mashine. Theluji hakuigusa tena! Daktari tutamwona Alhamisi, nitamuuliza kama dada muuguzi alivyosema.

La mwisho kaka: nguo. Abebe nini?

---

Fundi_Ramani

Wanatumia kitanda cha kufumia kwa mkono, wengine wamekiweka barazani na ukipita unasikia mbao zinagonga. Mashine zipo pia, ndiyo maana nikasema ageuze.

Nguo avae tabaka tabaka, sweta mbili nyepesi ni bora kuliko koti moja zito, maana mchana jua linachoma na likizama tu baridi inaingia hapohapo. Miwani ya jua nzuri, zaidi kwa macho yaliyotoka kutibiwa. Mwanga wa Sissu ni mkali. Viatu vya soli isiyoteleza. Shali asinunue Chandigarh, atanunua Kullu. Lakini soksi za sufu nunua kabla hamjaondoka, jozi tatu, kwa sababu Shimla usiku wa kwanza sakafu ya chumba itakuwa baridi na maduka yatakuwa yamefungwa.